Balozi wa Mongolia Pale Makutano

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ukungu hapa Makutano, Meru, tangu asubuhi. Wateja wawili tu, wote kopi ya kitambulisho. Kisha akaja Mzee Kirimi, mwenyekiti wa wakulima wa majani chai, na barua nimtolee kopi kumi. Sikuisoma. Macho yalijisomea yenyewe. Alhamisi kunakuja wageni kutoka Mongolia kununua majani chai, na watachagua mtu mmoja wa kuwawakilisha huku. Mtu mmoja! Nilipozinduka mashine ilikuwa imetoa kopi arobaini.

Nimeitazama Mongolia kwenye simu. Nyasi hadi macho yachoke. Farasi. Chai ya maziwa yenye chumvi. Mimi, mtoto wa Siakago kule Embu, niliyekulia kwenye vumbi na mbuzi, nikajiona nimesimama katikati ya nyasi zile, upepo unanipeperushia koti. Mheshimiwa Njiru, Balozi. Nimesahau kula chakula cha mchana.

Jumanne, 3 Juni

Adui amejitokeza. Gatwiri, binti ya Mzee Kirimi na katibu wa wakulima, anaitaka nafasi hiyo hiyo. Eti alisoma Urusi miaka minne, na wageni wanajua Kirusi. Kirusi ni nini? Nimejichapishia kadi: NJIRU, UHUSIANO WA KIMATAIFA. Alipoiona aliniuliza kwa upole kama kimataifa ni pamoja na Chuka hapo jirani. Balozi hajibizani na watu.

Jumatano, 4 Juni

Zawadi! Balozi haendi mikono mitupu. Nimepanda hadi Laare kwa Kagwiria, mama anayeuza miraa. Aliuliza kama nataka ya kutafuna au ya heshima. Ya heshima, mama! Akachambua vijiti kimoja kimoja, akavifunga kwa majani ya mgomba polepole, kama anayemvisha mtoto nguo za kanisani. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeota siku hii tangu ujana. Akauliza kama watu wa kwetu Embu wana habari. Nikasema hata Mongolia watakuwa nayo. Machozi yakamlenga. Akaniombea palepale sokoni.

Watu wa Meru ni wakarimu sana.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya siku! Ukumbi umejaa. Bi Oyuna, kiongozi wa wageni, ameketi mbele. Itifaki naijua: zawadi ya mgeni hupitia kwa mwenyeji. Nikampigia Mzee Kirimi goti, nikamkabidhi fungu langu kwa mikono miwili, Gatwiri kando yake. Nikatangaza kwamba naomba uhusiano wa kudumu kati ya kwetu na kwenu. Ghafla vigelegele! Mzee akaniuliza kama ninamaanisha. Nikasema kwa moyo wangu wote.

Gatwiri akawatafsiria wageni, sauti inatetemeka. Wivu huo. Bi Oyuna akapangusa macho, akatoa skafu ya hariri ya buluu, akanilazia mikononi. Skafu ya ubalozi! Nimetembea nayo shingoni hadi nyumbani, na sikumbuki nilipitia njia gani.

Ijumaa, 6 Juni

Nthiga, kinyozi jirani, ni wa Embu kama mimi ila ameoa huku. Nilipomsimulia alicheka hadi akazima mashine na kumwacha mteja nusu kichwa. "Wee Njiru, hiyo si zawadi bana! Hiyo ni ncoolo. Ukimpelekea mzee, umeomba msichana wake!" Akaendelea kueleza yanayofuata kwenye posa, asali sijui, kondoo sijui. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa mbali, juu ya farasi, natafuta nilipokosea.

Alasiri Gatwiri mwenyewe akaja dukani. Nafasi amepewa yeye. Skafu ilikuwa ya kutubariki kama wachumba. Hanitaki, na amemwambia baba yake hivyo hivyo waziwazi. Lakini mzee bado hajalifungua fungu, maana kulifungua ni kukubali posa; ananingoja Jumapili nikaeleze mwenyewe.

Iliniuma. Nilikuwa nimeshaanza kuisikia harufu ya nyasi zile. Alipotoka nikalala juu ya mashine ya kopi, ina joto zuri.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata dawa! Kesho baada ya kanisa nitamwomba Mzee Kirimi radhi, kidiplomasia. Bila miraa. Mimi si mjinga. Nimepanda tena kwa Kagwiria, nikaagiza kibuyu cha asali. Aliuliza kama ni cha mzee yule yule. Yule yule! Akauliza kama nina kondoo pia. Wazo zuri, sikuwa nimelifikiria! Nimechukua wawili, dume na jike, mzee aone nimejuta kweli. Kagwiria amelia tena, safari hii akaita na majirani.

Sasa kondoo wako mlangoni wanatafuna kadi zangu. Jike nimemfunga skafu ya buluu shingoni. Kesho Gatwiri atajua balozi ni mtu wa namna gani.