Waraka wa Kurudisha Namba Mahali Pake

“Tisa ni mshambuliaji, jirani,” Mratibu wa Michezo alisema kwa mara ya nne, kidevu juu ya ukuta wa ua. “Mumeo atasimama mbele, la sivyo asimame nje ya uwanja.”

“Mume wangu ni golikipa,” akajibu fundi cherehani, sindano mdomoni. “Mtaa mzima unamwita Komeo, unadhani kwa sababu gani? Na hiyo tisa kaivaa miaka kumi na sita. Zile jezi za mtumba zilipofika, ni hiyo tu iliyokubali kupita tumboni.”

“Tumbo si kigezo cha kitaalamu.”

“Njoo umlishe wewe wiki moja, utakijua kigezo.”

Mratibu alimsamehe. Mtu aliyezoea kuvuta uzi hawezi kuona mbali kama aliyezoea kupiga mhuri.

Asubuhi ile alikuwa amebandika ukutani mwa ofisi Waraka wa Kurejesha Heshima ya Namba, kurasa kumi na nne, nakala kwa wote wanaohusika na wasiohusika. Waraka uliukumbusha umma kwamba zamani namba ya mgongoni ilikuwa anwani. Moja alikaa golini. Mbili na tatu walikuwa mabeki wa pembeni, saba akakimbia kulia, kumi na moja kushoto, tisa akafunga mabao. Hata mpita njia asiyejua mpira aliweza kusema nani katoroka kazini. “Siku hizi mtu anavaa sabini na saba,” kililalamika kifungu cha pili. “Huyo anacheza wapi, barabarani?”

Jumamosi Mkurugenzi mwenyewe angekuja kuuona waraka ukitekelezwa katika mechi ya kwanza ya msimu. Kiti cha Mkuu wa Idara kilikuwa wazi, na Mratibu alishakipima kwa macho. Hata mto wa kukalia alikuwa amenunua.

“Basi nifumue tisa, nishone moja,” fundi akasema. “Dakika kumi, yameisha.”

“Haiwezekani. Kifungu cha saba: namba iliyosajiliwa haifumuliwi hadi msimu uishe. Mtu ndiye atakayeifuata namba, si namba kumfuata mtu. Hakuna msamaha kwa yeyote.”

“Na golini akae nani, upepo?”

“Hilo ni suala la utekelezaji.” Mratibu akapunguza sauti. “Ile jezi yangu ya kukalia jukwaani, vipi?”

“Imebaki namba tu.”

“Weka moja.”

Fundi akaitoa sindano mdomoni. “Una hakika, jirani?”

“Katika michezo ya mji huu nani yuko juu yangu? Ulitaka niweke kumi na nne?”

“Mimi nani nitake.” Jezi zote za mtaa zilipita mikononi mwake, hivyo fomu za usajili wa timu alizitunza yeye. Akaipitisha moja juu ya ukuta. Mstari wa kwanza ulikuwa mtupu, maana mtumba ule haukuja na namba moja. “Jiandike mwenyewe. Kesho usije ukasema fundi kakosea.”

Mratibu akajiandika, akasaini, akapiga na mhuri. Mhuri alitembea nao mfukoni, kama wengine wanavyotembea na leso.

Jumamosi jukwaa lilijaa hadi watu wakakaliana magoti. Komeo alisimama mbele, katikati ya mabeki wa wageni, kama kabati lililosahauliwa na wahamaji. Golini hapakuwa na mtu. Mwamuzi, ambaye siku za kazi ni karani wa masjala na husoma hata maandishi ya chini kabisa, akaifungua fomu, akapanda jukwaani.

“Mheshimiwa, mpira hauwezi kuanza. Namba moja hayupo mahali pake.”

“Mtafuteni,” Mratibu akaamuru.

“Tumempata. Ni wewe.”

“Mimi ni mgeni rasmi.”

“Nimetafuta mgeni rasmi kurasa zote kumi na nne, mzee. Hayumo.”

Mkurugenzi akamgeukia taratibu. “Si waraka wako huu?”

“Ni wangu, mkuu, ila…”

“Viatu hivyo vinateleza. Vua.”

Akaingia golini na soksi za ofisini. Bao la kwanza alilipisha kwa adabu. La tatu lilimkuta akijadiliana na mwamuzi juu ya kifungu cha saba. La sita aliligusa, na jukwaa likasimama kumshangilia. Komeo alifunga mawili, yote kwa tumbo, bila kuhama alipokuwa. Nane kwa mbili.

Baada ya mechi Mkurugenzi aliushika mkono wake uliojaa tope. “Kazi nzuri. Nilikuja kukupa Idara, lakini msimu bado una mechi kumi na nane, na namba iliyosajiliwa haifumuliwi. Siwezi kukuvunjia waraka. Idara nimempa karani. Huyu anasoma.”

Jioni Mratibu aligonga mlango wa jirani, tope hadi masikioni, ile jezi kwapani.

“Hodi. Jirani, ulisema dakika ngapi vile?”

“Za nini?”

“Kufumua.”

Fundi aliipokea, akaikagua mshono kwa mshono, akamrudishia. “Kazi safi hii. Nikiifumua, nitamjibu nini Mkuu wa Idara mpya?”

Mratibu akabaki kizingitini. Ndani sahani ziligongana.

“Nani huyo?” Komeo akauliza.

“Golikipa.”

“Mwambie aingie, chakula kinapoa. Na ule mto wake aliousahau jukwaani nimemletea, auegemee, mbavu zimeumia hizo.”

“Umesikia,” fundi akasema, akiusukuma mlango wazi. “Nawa mikono uje ule, jirani. Kaa popote utakapoona nafasi.”