Ombi la Kushushiwa Mke kutoka Ghorofani

Gereji ya Zamani,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Chumba cha Chini.

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali
(apewe mkononi mwake, asipewe karani)

Ndugu Mganga Mkuu,

KUHUSU: MAZOEZI YA MAGOTI YALIYOVURUGA NYUMBA YANGU

Naamini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako kinachozunguka. Vizuri. Mimi pia napenda kukaa, na kukaa ndiyo haki ninayokuja kuidai kwako kwa heshima zote.

Ili unikumbuke, mimi ni yule fundi magari mstaafu wanayemwita Babu Grisi. Nilikuja kliniki yako ya magoti na mke wangu, yeye kanishika mkono, mimi nimemshika wake, mlinzi akashindwa kujua nani anamleta nani. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha mimi, hilo hatujakubaliana mpaka leo. Lakini vyuma navijua. Kitu kinachosagana na kingine nakijua kwa kukisikiliza tu.

Nyumba yetu iko hivi: gereji chini, chumba cha kulala juu, na katikati ngazi za saruji zilizojengwa na fundi aliyekuwa na haraka. Magoti yalipoanza kusagika, yangu na ya mama watoto, tuliwaita vijana wakashusha kitanda tukakiweka stoo ya vipuri. Tukalala humo kati ya rejeta za zamani na mabunda ya bushi, zile pete za mpira zinazokaa kati ya chuma na chuma visisagane, tukinyang'anyana shuka na kuwasema majirani mpaka usingizi utuchukue. Hatukuwa na shida na mtu. Ndipo ikaja hospitali yako.

Naweka malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema umepotea.

1. Kliniki ya magoti umeiweka ghorofani. Watu ambao tatizo lao ni ngazi, umewawekea dawa yao juu ya ngazi. Lifti ipo, nimeiona kwa macho yangu, ina kufuli, na ufunguo anao bwana mmoja ambaye kila nikija yuko likizo. Njia ya viti vya magurudumu nayo ipo, laini, imesakafiwa vizuri, na juu yake limeegeshwa gari lako. Hapa silalamiki, natoa taarifa tu. Na kwa kuwa niko kwenye taarifa, beringi ya gurudumu lako la mbele kulia inalia. Nilikusikia ukiingia. Irekebishe kabla gari halijakuacha njiani ukalazimika kutembea, maana naona kutembea unakupenda kwenye mabango ya ukutani tu.

2. Binti wa mazoezi alinikalisha, akaniambia gegedu langu limelika. Nikamuuliza gegedu ndiyo nini. Akasema ile nyama nyeupe inayoteleza mwishoni mwa mfupa, ile ninayoitafuna kwenye paja la kuku. Nikasema sawa, hiyo ni bushi. Akasema, "Haya babu, tuseme ni bushi." Baada ya kukubaliana vizuri namna hiyo, akaniambia nikafanye mazoezi.

Ndugu Mganga Mkuu, nakuuliza kama mtu mwenye gari. Bushi imekwisha, fundi anakwambia, "Kalikimbize zaidi." Utamlipa au utamwitia polisi?

3. Nilipombana akaanza hadithi. Eti gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo linapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama sponji ndani ya maji. Eti ukikaa tu, linashinda njaa. Nimefungua magari maisha yangu yote, sijawahi kukuta bushi inakula. Kama zingekuwa zinakula, wateja wangu ningewadai mpaka pesa ya chakula.

Kibaya zaidi, hakuniahidi hata gegedu jipya. Nilimuuliza waziwazi, "Nikifanya hayo, bushi itarudi?" Akajibu, "Hapana babu, sikudanganyi. Lililolika halirudi kwa mazoezi. Ila mazoezi ya kiasi hayalimalizi, na msuli wa paja ukipata nguvu utalipunguzia goti mzigo. Maumivu yatashuka." Kwa hiyo kumbe ni fundi asiyegusa kilichoharibika, anakaza springi za pembeni halafu anakwambia endesha. Nikamwambia kwetu gereji mtu wa namna hiyo hatumpi spana. Akacheka. Mama watoto naye akacheka. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

4. Namba nne nimeifuta. Ilikuwa na matusi.

5. Mgonjwa aliyeandikishwa siku ile nilikuwa mimi. Mama watoto alikuja kama msindikizaji. Lakini binti wa mazoezi alipokuwa akinielekeza mimi, yule mwanamke alikuwa nyuma yangu kwenye benchi akiyafanya yote: kusimama na kukaa bila kushika kitu, kunyoosha mguu na kuubakiza hewani, kupanda kibao na kushuka. Mimi nilikuwa nabishana, yeye anajifunza. Yaani alipokea matibabu yangu bila idhini yangu. Naomba uniambie hilo kwenu linaitwaje. Mkoba wangu angeuchukua hivyo ningesema kaiba.

6. Nikiri kwamba nyumbani sikumkataza. Nilimwachia makusudi, kwa ajili ya utafiti. Nilimwambia, "Fanya wewe, mimi nitakaa, tuone gegedu la nani litakwisha mwanzo." Akasema, "Haya mzee, wewe tunza lako." Basi nikatunza. Nilikaa kama gari la mbunge siku ya mapumziko. Maji naletewa, redio naletewa, hata kofia naletewa ikiwa iko mkono mmoja kutoka nilipo. Yeye huyo, juu, chini, juu, chini, kwenye kibao alichojitafutia kama kile cha kliniki. Siku za mwanzo alikuwa akiguna kila anapoinama, nami nikawa nafurahi kimya kimya, nasema bado kidogo. Nililisubiri gegedu lake liishe kama mtu anavyosubiri mafuta yaishe kwenye gari la jirani.

Halikuisha. Kuguna ndiko kulikoisha. Siku moja nikamwona anainuka kutoka kwenye kigoda cha kufulia, mikono yote miwili imeshika beseni. Hakushika ukuta. Hakunishika mimi. Alinipita tu na beseni lake akaniambia, "Sogeza miguu, mzee."

7. Nikadai picha ya eksirei, maana macho ya mtu yanaweza kudanganya, hasa yakiwa yanamwangalia mkewe. Tukapigwa, binti akaziinua dirishani, mpya pamoja na zile za zamani tulizopigwa wote wawili magoti yalipoanza. Akasema ya mama haijabadilika cha kuonekana, haijawa nzuri wala haijawa mbaya. Nikasema, "Unaona? Mazoezi hayajafanya kitu." Akanigeuza taratibu nimtazame mama watoto, ambaye wakati huo alikuwa amechuchumaa anaokota ufunguo wa nyumba.

Picha ile ile, mke mwingine. Ndugu Mganga Mkuu, kama hospitalini panaweza kuwa na bushi ile ile na gari lililobadilika, basi ama mashine yenu imeharibika, ama maisha yangu yote nilikuwa naangalia bushi wakati nilipaswa kuangalia springi. Naomba iwe mashine.

8. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Alipoona magoti yamemtii, mama watoto alisimama mlangoni mwa stoo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeaga kwenda dukani, "Mimi narudi chumbani kwangu. Humu kunanuka mpira." Akapanda. Nilisikia ngazi moja baada ya nyingine, polepole, hakuna aliposimama kuvuta pumzi, mpaka mlango wa juu ukalia. Nikangoja ashuke. Alishuka, kesho yake, kunipa chai.

Tangu hapo mimi niko chini, yeye yuko juu, na katikati yetu kuna dari. Nasikia kila kitu. Nasikia anafungua dirisha. Nasikia anavuta kiti. Jioni anafungulia redio, na ikisema jambo anacheka, tena kile kicheko chake cha zamani cha kupiga paja. Namwuliza kwa sauti, "Wamesema nini?" Ananijibu kutoka juu, "Panda uje usikie." Nimeolewa na dari, Ndugu Mganga Mkuu. Ndiyo, nimeolewa, maana sasa hata uamuzi si wangu.

Nilijaribu kumrudisha kwa hoja. Nilimwambia anajimaliza, chombo kinachotunzwa ndicho kinachodumu. Akasimama ngazi ya kwanza, akaelekeza kidole uani, pale lilipo lile gari la bluu ambalo mteja alilipaki zamani akaenda zake asirudi. Akasema, "Lile limetunzwa. Halijatembea hata kidogo. Kaliwashe." Mimi na wewe tunajua hali ya gari la namna hiyo. Breki zimeng'ang'ania, mpira wa kila kiungo umekauka na kupasuka, tairi zimelala upande mmoja. Nikamjibu kwamba suala la magari yaliyopakiwa halimo kwenye ajenda. Akapanda zake.

Hata hivyo jana nilipima paja langu kwa macho nikalilinganisha na la zamani. La zamani lilikuwa likijaza suruali ya kazi. La sasa limekuwa kama mpini wa nyundo. Nalitaja hili kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu tu, si kwamba lina uhusiano na jambo lolote.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lile jepesi.

Kwanza, kila zoezi linalotolewa hospitalini kwako liwe na onyo, kama kwenye chupa za dawa, kwamba linaweza kusababisha mke kupanda ghorofani.

Pili, hospitali itoe agizo la maandishi lenye muhuri kumtaka mama watoto aache mazoezi mpaka atakaponifikia kwa ubovu. Ugonjwa tuliuanza pamoja. Si haki mmoja atangulie.

Tatu, ikiwa hilo haliwezekani, basi chumba cha juu kishushwe. Najua utasema hiyo ni kazi ya wajenzi. Lakini aliyeharibu ndiye anayetengeneza, hivyo ndivyo tulivyoendesha gereji yetu. Mjenge upya, chumba kiwe chini, na gereji iwe juu. Magari yatapandaje, hilo muulizeni yule binti, naye ana zoezi la kila kitu.

Nne, hayo yote yakishindikana, nipewe cheti kwamba magoti yangu ni ya aina ya pekee, isiyoruhusiwa kuonana na mazoezi, ili nikae kwa heshima. Sasa hivi nakaa kwa aibu. Mwanangu anayeendesha gereji amenunua kibao kingine kama kile cha mama yake, akakiweka mlangoni mwa stoo. Nimekitumia kuwekea kikombe.

Barua hii ataileta mama watoto mwenyewe siku ya kliniki, kwa kuwa ndiye mwenye miguu hapa nyumbani. Nitaifunga kwa gundi ya kubandikia bushi. Ikikufikia imefunguliwa, ujue ameisoma, na ujue nimeshapata ninachostahili.

Nisalimie mlinzi wa getini, mwambie bado hajajua nani alimleta nani. Nisalimie bwana wa ufunguo wa lifti, siku akirudi likizo. Nisalimie wale kina mama wanaotembea asubuhi na mke wangu wakipita mbele ya gereji wakinipungia mikono kama naondoka na treni. Na binti wa mazoezi mwambie sina ugomvi naye binafsi. Ni mtoto mkweli. Ukweli wake ndio ulioniudhi.

Ni mimi, niliyetulia kwa masikitiko,

Babu Grisi
Fundi Mstaafu, Mkazi wa Chini

Tanbihi: Nimeona nikwambie kwamba hapa ninapoandikia si stoo. Nimekaa kwenye ngazi za nyumbani kwangu, pale zinapokata kona. Mama watoto ametoka na wenzake, nikaona nijaribu kidogo, kwa ajili ya ushahidi. Yale ya kusimama na kukaa nimekuwa nikiyafanya stoo nimefunga mlango, nimeshikilia meza ya kazi, nia yangu ikiwa ni kuthibitisha kwamba hayafai. Uthibitisho umenifikisha hapa. Goti linauma, lakini linauma kama mtu anayelalamika huku anafanya kazi. Shida ni kwamba juu sijafika, na kushuka nimekataa. Naomba umuulize yule binti, upesi: katika kupanda, unatangulia mguu upi, ule wenye nafuu au ule mbovu? Alituambia siku ile, lakini mimi nilikuwa nabishana, aliyesikiliza ni mwenzangu.

Nasikia mlango wa chini unafunguliwa. Ni yeye, namjua kwa nyayo. Basi hilo la mguu usijisumbue kulijibu. Nitamuuliza yeye.