Ree ya Shupaza Kwenye Paji la Uso

Hapana, Mwanaidi, acha kuwatangazia watu. Sikulamba kadi. Nililamba kidole gumba. Ni vitu viwili tofauti, na kwa kuwa wewe dada yangu umeshalisambaza jambo lenyewe, bora jamaa wote mlisikie kutoka kwangu.

Kwenye kimakumbusho kidogo huku Acocks Green, Uingereza, ninapojitolea, kuna karata za miaka mia mbili. Zamani watoto wa Kizungu walifundishwa jiografia kwa karata hizo. Kopa ni Ulaya, uru Asia, pau Amerika, shupaza Afrika. Kila kadi ni nchi, ina picha ya mtu na maneno mawili matatu, rangi zimepakwa kwa mkono.

Jumamosi wanakuja watoto, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumchagua atakayekaa nao kwenye meza ya kadi. Meza hiyo naitaka kufa! Nusu ya watoto wenyewe ni wa kwetu, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Miezi mitatu nafuta vumbi kwenye makabati nikiisubiri.

Mama Helen, msimamizi, akatoa sheria moja. Moja tu! "Mikono iwe mikavu."

"Sawa," nikasema. (Kwa sauti kubwa kuliko wote.)

Akatugawia sisi wa kujitolea kadi tatu tatu, tujaribu kana kwamba watoto wapo. Mbele yangu alikaa Mzee Gurdev, Kalasinga wa Kisumu, miaka sabini na kitu na utundu wote anao. Akaweka Misri taratibu, akaeleza vizuri. Kisha akaniangalia.

"Wewe Saumu, unangoja nini? Tupa!"

Nikatazama kadi yangu. Ree ya shupaza, kubwa kuliko zote za Afrika. Pwani ya kwetu! Bahari ya bluu, mtu kavaa nguo nyekundu, na chini yake sentensi moja: hakuna mengi yanayojulikana kuhusu nchi hii.

Hayajulikani na nani? Bibi yangu wa Pangani alijua mpaka nani alimkimbia nani!

Damu ikachemka. Na mimi nimekulia Tanga, nikicheza karata za arubastini na wajomba. Ukiwa na turufu huiweki kistaarabu. Unalamba kidole, unailowesha kidogo, unaibandika kwenye paji la uso ili mwenzio aone kifo chake, ndipo unaibamiza. Mkono ulikwenda wenyewe. (Naapa.)

"TURUFU!"

Paa!

Mzee Gurdev peke yake akapiga makofi.

Mama Helen akaja mbio. "Umeilowesha?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia." Nikamtazama usoni kabisa, kidevu juu. Yeye hakunitazama machoni. Alitazama juu ya macho.

Mzee Gurdev akainama. "Msichana, wacha kubishana. Hapo kwa uso kuna bahari."

Nikanyanyua mkono nifute. "USIFUTE!" Mama Helen kapiga kelele kama nimeshika waya wa umeme. Kumbe kitu kikiharibika lazima kipigwe picha kilivyo. Na rangi ya kadi, kwa wakati huo, ilikuwa kwangu.

Nikasimamishwa ukutani. Akaleta rula ndogo, akaishikilia juu ya nyusi zangu. Rula! Kwenye paji la uso! Picha ya mbele, ya kushoto, ya kulia. Kisha akajaza fomu, na nimeiona kwa macho yangu: "Mahali rangi ilipo kwa sasa: Saumu."

Mtoto wa watu, kwenye faili.

Nikauliza, "Na meza ya Jumamosi?"

"Nitafikiria," akasema. Ya Waingereza hiyo mnaijua: maana yake hapana.

Sasa chekeni, lakini nisikieni. Kadi ni nzima, bahari imepauka kidogo tu. Nimekosea kulamba na nimekosea kudanganya, hayo nimemwambia mwenyewe. Ila katika watu wote waliokaa mezani, nani mwingine aliyeisoma kadi yake akakasirika? Hasira hiyo ndiyo wale watoto wanayoihitaji, siyo mikono mikavu peke yake.

Kesho saa tatu kamili, mlango ukifunguliwa, mimi huyo. Samahani nimeshaomba mara tatu, ya nne sina. Naomba meza yangu. Na akiniambia bado anafikiria, navuta kiti, nakaa, namwambia afikirie hapo hapo mbele yangu.