Spika Juu ya Safu ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi yameharibika. Mwigizaji mkuu alifungua kinywa tu, spika zikapiga mluzi kama birika. Watu wakaziba masikio. Mwongozaji wetu wa mchezo, mama asiyecheka hata akitekenywa, akauliza nani alifunga mitambo hii. Nikatazama dari. Nilifunga mimi! Niliiambia kamati ya ukumbi kwamba nimesomea. Sikusema nimesomea nini. Nikamjibu kuwa ni panya, wametafuna waya. Akasema onyesho ni Jumamosi saa tisa alasiri, panya hao wajulishwe.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kasema nimwite kaka yake, fundi umeme. Nimwite shemeji? Mtu anayekagua swichi zangu kabla hajanisalimia! Abadani. Nimekwenda mwenyewe. Nimekusanya waya za sauti na za umeme, nikazipitisha bomba moja. Nadhifu mno. Mluzi upo palepale, na sasa kuna mngurumo, kama mzee anakoroma chini ya jukwaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimesalitiwa na mke wangu mwenyewe. Shemeji kaja ukumbini bila mimi kumwita. Akazitoa waya za sauti bombani, mngurumo ukakata. Kisha akasema spika ziko nyuma ya maikrofoni, kwa hiyo maikrofoni inazisikia na kuzirudishia sauti yao; zisogezwe mbele, juu ya watazamaji. Nikamwambia nilikuwa naelekea hukohuko. Akasema atakuja kesho na minyororo ya kuzining'inizia. Nikamwambia asijisumbue, ninayo. Sina.

Ijumaa, 7 Machi
Jana na leo nimezihamisha peke yangu. Kila spika inataka skrubu nne. Nilikuwa na nne kwa zote mbili. Nikagawa kwa haki. Mluzi umekwisha! Mwongozaji karibu atabasamu. Spika ya kushoto imeinama kidogo, lakini nani hutazama juu wakati wa mchezo?

Jumamosi, 8 Machi
Mwandiko huu nisamehewe.
Ukumbi ulijaa. Mama mkwe nilimkalisha mwenyewe safu ya tatu kushoto, kiti bora, ili anisifu. Mchezo ulipofika onyesho la pili, nikaona kitu kinamwangukia mapajani. Skrubu! Akaiokota, akaitazama, akaitia mkobani.
Nikimhamisha, nitaulizwa sababu. Nisipomhamisha... Nikakimbilia ngazi ya nyuma, nikatambaa kwa tumbo juu ya ubao wa mafundi ulio chini ya dari, nikaidaka spika kwa mikono miwili. Skrubu ya pili ikachomoka papo hapo. Uzito wote ukawa wangu. Chini yangu kilemba cha buluu cha mama mkwe, kimetulia. Jukwaani mjane analia polepole, hana haraka kabisa! Vidole vikafa ganzi. Nikajiambia nitavumilia hadi mapumziko. Spika ikateleza inchi moja.
Nikapiga kelele: "Mama, toka hapo!"
Mjane akanyamaza. Mama mkwe akainua uso. "Baba, unafanya nini huko juu?"
"Nashika spika, mama."
"Kwa nini uishike?"
"Skrubu zimetoka. Toka, mama, nakuomba!"
Akatoka, na safu nzima nyuma yake. Hatua nne, si zaidi. Vidole vikafunguka vyenyewe. Kiti chake kikapasuka vipande viwili.
Vumbi. Mwongozaji akaja hadi katikati ya jukwaa, akauliza kama hawa nao ni panya.
"Ni mimi," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, lakini ukumbi wote uliisikia, bila spika. Nilibaki palepale juu, nikalia. Shemeji ndiye aliyenishusha, kanishika mkono kama mgonjwa. Hakunicheka. Hilo liliuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amefunga upya kila kitu. Mama mkwe hapokei simu yangu. Kamati imekutana, imeamua nisiguse tena mitambo ya sauti maisha yangu yote. Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimemwambia mke wangu nimebadilika, akaguna.
Mchana nimetafakari sana pazia la jukwaa. Linavutwa kwa kamba, kama ndoo ya kisimani! Aibu. Stoo kuna mashine mbovu ya kufulia, mota yake ni nzima. Nimeshaifungua. Kamati ilikataza sauti tu. Pazia halina sauti.