Bega Langu na Shamba la Mzee Rupert

Jumatatu, 6 Desemba 1993
Nimekasirika! Mzee Rupert, babake Oliva, ametamka kwamba anayemtaka bintiye akamlimie kwanza shamba la mahindi. Jembe! Mimi, mfanyabiashara wa mitumba, zama hizi za soko huria! Kajetani, mshindani wangu, tayari ananoa lake. Mshamba yule.

Silimi ng'o. Nitaumwa bega. Nimepita kwa nesi Walburga kuuliza dalili za bega lililochomoka, eti kwa ajili ya rafiki. Akasema bega hupoteza mviringo wake, mkono hauinuki wala haugusi bega la pili, na mgonjwa huushikilia kwa mkono mzima. Akaendelea na matibabu: lisikandwe, lisivutwevutwe mtaani, mkono ufungwe na mtu awahishwe hospitali. Hayo sikuyasikiliza. Ya nini?

Jumatano, 8
Nimefika Lizaboni, kwa kina Oliva, asubuhi, mkono ndani ya khanga ya dada, khanga shingoni. Nilichechemea pia, kwa usalama. Mama Benigna, mkewe mzee, akanipa pole na kigoda barazani. Kajetani analima, jasho linamtoka. Raha iliyoje!

Kisha mzee mwenyewe akaniletea togwa. Nikamwamkia, nikapokea kikombe. Kwa mikono miwili! Mama alinichapa sana utotoni nisipokee kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja. Sasa ona! Khanga imebaki tupu shingoni. Kajetani alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Oliva hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mzee akasema kumbe limepona, basi kesho nije na jembe.

Alhamisi, 9
Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Nilitaka kumpita Kajetani. Nikainua jembe juu kabisa, nikapiga kisiki. Bega likachomoka. Kweli kweli! Nikapiga yowe. Wao wakapiga makofi! Mzee akasema leo naigiza vizuri zaidi ya jana. Watu hawana utu!

Akaninyooshea kikombe cha togwa kunipima. Mkono haukuinuka. Hapo ndipo wakaamini. Mathias, mjomba wa Oliva, akaja mbio na mafuta ya moto, akalikanda, akalivuta. Nilimtaja kila mtakatifu ninayemjua. Oliva akamfukuza, akanifunga mkono kwa khanga ile ile ya uongo.

Aliyenipeleka hospitali kwa baiskeli ni nani? Kajetani! Bora ningefia njiani. Daktari akanichoma sindano, akalirudisha bega mahali pake. Walburga akanifunga upya, akauliza rafiki yangu anaendeleaje.

Jumapili, 12
Mkono utafungwa wiki tatu. Kajetani amelima hata sehemu yangu, kimbelembele yule.

Oliva amepita baada ya misa, uso kaukunja. Akasema babake anataka achague mmoja wetu, na Kajetani naye anangoja. Yeye amewaomba wasubiri hadi palizi, mwisho wa Januari, bega likishapona. Nije na jembe, nisije na khanga. Nikidanganya tena, ataolewa na Kajetani, na asinione mlangoni kwao. Machozi yalimlengalenga. Mimi pia, ila yangu yalikuwa ya bega.

Palizi! Yaani kulima mara ya pili! Familia hii inanitafuta nini?

Jioni nimekwenda kumwuliza Walburga dalili za kiuno kilichoteguka. Kwa ajili ya rafiki. Amenitazama sana.

Kuumwa kiuno hakuna shida. Togwa nitapokea kwa mikono yote miwili.