Funguo za Maua na Kisima cha Joto

Jumatatu, 8 Julai
Mvua. Tena! Mji mzima wa Delft, hapa Uholanzi, umelowa, na kisima chetu cha joto kiko vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Nimewaeleza majirani mpaka koo limekauka. Chini ya jengo letu kuna visima viwili. Kiangazi tunavuta maji baridi, yanapita kwenye mabomba ya sakafuni, yanabeba joto la nyumba zetu, tunayashusha kisima cha pili. Majira ya baridi tunayapandisha tena, tunaota joto lake. Ghala halikupi usichokiweka! Lakini hakuna anayewasha ubaridi wa sakafu. Wote wanafungua madirisha. Bwana Wiebren, anayekaa chini yangu, anasema dirisha ni bure na halina kitufe.

Mimi ndiye niliyewashawishi kuchimba. Januari kisima kiliishiwa joto, na jirani yetu Bi Aaltje, mwenye miaka themanini na mmoja, alilala na koti. Alinionyesha alama ya kifungo shingoni. Nilimwahidi haitatokea tena. Mkutano wa wakazi wa Septemba utaamua kama visima vifungwe.

Alhamisi, 11 Julai
Niliwaalika wote kahawa kwangu, ubaridi umewashwa mpaka mwisho, ili waonje raha. Wakaja, wakaomba makoti yao. Bwana Wiebren aliuliza kama nimeficha maiti. Wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sababu meno yalikuwa yanagongana tu.

Jumamosi, 20 Julai
Joto kali linakuja! Wiki nzima! Karibu nilie kwa furaha. Kisha nikachungulia dirishani. Magari yote yamefungiwa nyumba za kukokota nyuma. Jengo zima linakwenda kupiga kambi Ufaransa, na viazi vyao wamebeba. Atabaki Bi Aaltje peke yake. Joto nililoliomba kiangazi chote litapita kwenye vyumba vitupu.

Baadaye. Wamenipitia mmoja mmoja kuniachia funguo, niwamwagilie maua. Hata Bwana Wiebren. Alinikanya nisikanyage sakafu yake na viatu. Ya mbao za mwaloni, aliitandika mwenyewe, amepiga magoti majira mazima ya kuchipua.

Funguo zote. Mungu wangu, funguo zote!

Jumatano, 24 Julai
Nimewasha ubaridi kila nyumba. Haukutosha, nyumba tupu haina joto la kuiba. Nikafungua madirisha yote, jua liingie, sakafu ivune. Ndiyo, madirisha yale yale niliyoyapiga vita. Ni tofauti. Kuna kifaa kinachozuia sakafu baridi isitoke jasho hewa ikiwa na unyevu. Kilikuwa kinauzimazima ubaridi, nami nikakizima chenyewe. Joto la kisima linapanda! Nimekaa chumba cha pampu nikitazama mshale kama mama anayemtazama mtoto akinywa uji.

Jumapili, 28 Julai
Ngurumo. Hewa nzito kama taulo lililolowa. Sakafu zote zimetoka jasho, kisha mvua ikaingia madirishani kulisaidia. Nimekimbia na tambara nyumba hadi nyumba. Bi Aaltje alinikuta kwa Bwana Wiebren, nimepiga magoti. Aliuliza, we mtoto, unasali au unafua? Mbao za mwaloni zimeinuka katikati kama mgongo wa ngamia. Maua nilisahau kuyamwagilia. Yamekufa kwa kiu ndani ya nyumba iliyofurika.

Ijumaa, 13 Septemba
Mkutano. Bwana Wiebren aliuliza kama nina shahada ya maji au ya mafuriko. Mkebe wa biskuti ulizunguka, kila mtu akachukua moja, kisha ukafungwa kabla haujanifikia. Joto la kisima limepanda kidogo, nilisema, na hakuna aliyegeuza shingo. Wameamua: visima vinasubiri Januari. Mtu yeyote akilala na koti, vinafungwa kwa saruji. Chumba cha pampu ni cha Bwana Wiebren sasa. Kila mtu amechukua ufunguo wake.

Nililia kwenye ngazi. Bi Aaltje alinikuta, akanipa biskuti yake, imefungwa kwenye leso. Alisema anakwenda Zwolle kwa dada yake, hana mwingine wa kumwachia ufunguo. Maua tu, mwanangu, alisema. Niapie hutagusa kingine. Nikaapa, nikamaanisha kabisa. Sina moyo tena wa kitu chochote.

Wametabiri jua kali kesho na keshokutwa. La mwisho mwaka huu.

Madirisha yake yanatazama kusini, liliko jua. Na sakafu yake ni ya vigae, visivyovimba kwa maji.