Yah: Sheria ya Mama Nalangu Kuingia Jikoni Kwangu

Silvanus Hhando,
Qurus, Karatu.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Siku ya Vyakula vya Asili.

Ndugu Mwenyekiti,

Pole na majukumu. Mimi ni mkulima, na ni mume halali wa Bernadina, yule aliyeleta mlenda mkavu kwenye siku yenu ya vyakula mwezi uliopita. Alikwenda na mlenda, akarudi na furushi la magome ya mti na sheria. Vyote viwili alipewa na Mama Nalangu, Mmasai wa Wasso. Magome sina ugomvi nayo sana. Sheria ndiyo inayonimaliza.

Inasema hivi: gome la olkiloriti, mgunga ule wa kupikia supu, hubanduliwa upande mmoja tu, kipande cha kiganja. Jeraha hupakwa mavi ya ng'ombe, kisha mti huachwa upumzike hadi upone. Kwa huko msituni naiheshimu kabisa. Sasa imehamia kwangu, na malalamiko ni haya:

1. Mnavu. Bernadina huchuma majani mawili kwenye mche, anahamia mwingine. Juzi mboga ya watu wawili ilimchukua alasiri nzima.

2. Mzinga wangu. Nusu ya masega wameachiwa nyuki, ati nao wana watoto. Nyuki hao wamenidunga miaka kumi na moja na hakuna kamati iliyowaita.

3. Sufuria. Nyama nachota upande mmoja, wa pili unapumzika. Kesho yake nilikuta wajukuu wameumaliza.

4. Mti. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mpakani mwa shamba langu umesimama olkiloriti mmoja mkubwa, na nilishapatana na mchoma mkaa aje aukate. Alipofika na shoka alimkuta Bernadina amekaa shinani anachambua maharage. Alichambua siku tatu, Mwenyekiti, na maharage yetu hayafiki debe. Siku ya tatu akampa mchoma mkaa supu ya magome yale. Sasa mtu huyo anakuja kila asubuhi na kikombe chake mwenyewe, na ananishauri mimi nisiukate mti wangu. Nimeumia, nasema wazi. Kwangu mwenyewe sina tena neno linalosikilizwa.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu Mama Nalangu aje aifute sheria hiyo kwa maandishi, yenye muhuri, mbele ya mke wangu. Pia naomba siku zijazo wanawake wabadilishane mapishi tu, na busara ibaki ilikotoka. Na mti ukatwe kabla ya mvua.

Wasalimie wanakamati wote, wapishi, na hata Mama Nalangu mwenyewe, maana ugomvi wetu haujafika kwenye salamu.

Ni mimi mwenye njaa ya upande mmoja,
Silvanus Hhando

N.B. Barua hii nimeileta kwa miguu. Magoti yangu hayakuwa yamepanda kilima cha kuja kwenu tangu masika, na tangu nianze kunywa supu ile yananitii. Furushi limekwisha juzi, nami nimeona aibu kumwambia Bernadina. Kwa hiyo leo alfajiri nilikwenda mpakani nikabandua kiganja kimoja, upande wa chini. Mchoma mkaa nimemwambia asirudi na shoka. Bernadina akiwauliza, semeni ni mbuzi. Najua mbuzi hapaki mavi ya ng'ombe, ila nilishindwa kuliacha jeraha wazi.